Nani Aseme Jino Limeoza?

MGONJWA: Nilikwenda kliniki na gego moja linalouma. Daktari akanikalisha, akapiga picha, akaniambia meno yangu sita ni mabovu: mawili yatolewe mshipa na kuvikwa kofia, manne yachimbwe na kuzibwa. Bei aliyoitaja ilimeza pensheni yangu ya miezi kadhaa. Niliomba muda, nikaenda kliniki nyingine mjini humohumo bila kusema nimetoka wapi. Huko nikaambiwa gego hilo linazibika, mengine hayana neno, nipunguze sukari na nipige mswaki usiku kabla ya kulala. Nimestaafu ualimu wa hisabati. Sita na moja haziwi jibu la swali moja. Nauliza waziwazi: kati ya wale wawili, nani alinidanganya?

DAKTARI WA MENO: Pole, Mwalimu. Kabla hujamhukumu yeyote, fahamu kwamba jino haliozi kwa siku moja. Huanza na doa jeupe ambalo hata ukijitazama kwenye kioo hulioni. Doa likibaki kwenye tabaka la nje, lile gumu, linaweza kusimama hapo kwa miaka, na pengine likarudi kuwa gumu likipata floridi na kinywa kikiwa safi. Likishavuka kuingia tabaka la ndani, uozo huchimba kwa urahisi zaidi. Pale mpakani ndipo tunapogombana sisi wenyewe. Mmoja husema tulitazame kwanza, mwingine husema tulizibe mapema. Picha ya eksirei ni kivuli tu. Haina maandishi yanayosema "ziba". Nimeona madaktari waadilifu wakibishana juu ya kivuli kimoja hadi chai ikapoa.

MGONJWA: Kofia mbili, Daktari. Kutoa mshipa kwenye meno ambayo hayajaniuma hata siku moja. Hilo nalo ni suala la kivuli?

DAKTARI WA MENO: Jino ambalo mshipa wake umekufa huenda lisiume kabisa, huku usaha unajikusanya kwenye mzizi. Kutouma si cheti cha uzima.

MGONJWA: Basi likiuma ni bovu, na lisipouma huenda limekufa. Mimi niliyelala kwenye kiti mdomo wazi nitajua kwa njia gani kwamba ninaambiwa ukweli?

MKAGUZI WA BIMA: Hutajua, Mwalimu, na tatizo zima liko hapo. Anayepima ndiye anayeuza tiba ya kile alichokipima, na mnunuzi haoni ndani ya kinywa chake mwenyewe. Hesabu uliyoifanya wewe imefanywa kwingine pia. Mwaka 1997 jarida la Reader's Digest la Marekani lilichapisha habari ya mwandishi aliyepeleka kinywa chake kwa madaktari wa meno 50 katika majimbo 28. Kinywa ni kilekile, lakini gharama alizotajiwa zilianzia chini ya dola 500 na kufika karibu dola 30,000.

DAKTARI WA MENO: Naijua habari hiyo. Ni mtu mmoja na kinywa kimoja, na bado haithibitishi nia ya yeyote. Unachanganya kutofautiana na kudanganya.

MKAGUZI WA BIMA: Sichanganyi. Kama tatizo lingekuwa macho tu, makosa yangeanguka pande zote mbili kwa kadiri ileile: wengine wangezidisha, wengine wangepunguza. Lakini mimi sijawahi kuletewa fomu ya madai ambayo daktari amesahau kuandika jino alilolitibu. Na kama hutaki kinywa kimoja cha mwandishi wa habari, chukua utafiti wa chuo kikuu. Watafiti wa Zurich nchini Uswisi walimtuma mtu kwa madaktari wa meno 180. Alikuwa na doa la juujuu ambalo, kwa mwongozo wa taaluma yenyewe, halikuhitaji kuchimbwa. Zaidi ya robo ya madaktari, asilimia 28, walimshauri azibe.

DAKTARI WA MENO: Na zaidi ya asilimia 70 walimwambia ukweli, pesa ikiwa mezani. Mbona hao hakuna anayewataja? Nataka hilo lisikike, kwa sababu wagonjwa wanaoingia kwangu siku hizi wananitazama kama mtu anayewapekua mfukoni. Kuna mama alikataa nimzibie mtoto tundu ambalo hata yeye aliliona kwa macho, kwa kuwa amesikia madaktari wa meno ni wezi. Alirudi na mtoto shavu limevimba, hawezi kumeza. Shaka nayo ina gharama, Mkaguzi. Sijaona fomu ya kuijaza.

MKAGUZI WA BIMA: Nakubali kuhusu hao asilimia 70. Ila utafiti ule una mambo mawili ambayo sijaweza kuyatoa kichwani. La kwanza: waliozidisha zaidi ni wale ambao mgonjwa alipata nafasi kwao haraka, yaani wenye viti vitupu. Mwenye foleni ndefu aliona doa la kutazamwa, asiye na foleni akaona tundu la kuziba. Hiyo haielezeki kwa tofauti ya macho. La pili linamhusu Mwalimu moja kwa moja. Mtu yuleyule alipojionyesha kuwa wa kipato cha juu, alishauriwa tiba isiyohitajika mara chache zaidi. Na alipoonyesha kwamba ameshasoma kidogo kuhusu tatizo lake, maarifa yale hayakumsaidia kwa kiasi cha maana.

MGONJWA: Ngoja hapo. Kila kampeni ya afya inatuambia jielimisheni, ulizeni maswali, someni. Unaniambia kwamba kusoma hakukumkinga yule mtu, ila suti na saa vilimkinga?

MKAGUZI WA BIMA: Ndivyo walivyoona huko Zurich.

MGONJWA: Basi hilo ni baya kuliko wizi. Mwizi wa kawaida humfuata mwenye nacho.

DAKTARI WA MENO: Niruhusuni niseme jambo ambalo wenye kliniki hawalisemi mbele ya wagonjwa. Kiti kimoja cha meno, compressor yake, mashine ya picha na ya kuchemshia vifaa ni mkopo wa benki. Pango linadai kila mwezi, jenereta inadai, msaidizi anadai mshahara. Mgonjwa akija kutazamwa na kupewa ushauri, analipa ada ya kumwona daktari, ambayo kwa wenye bima ni ndogo na huchelewa kufika. Nikimwambia "meno yako ni mazima, nenda salama," nimefanya kazi ngumu kuliko zote, kazi ya kuona na kuamua, na karibu sijalipwa. Siku hiyohiyo nikichimba na kuziba matatu, nimelipa umeme. Simtetei aliyekutajia meno sita, Mwalimu. Nakueleza anakaa kwenye kiti gani.

MGONJWA: Kwa hiyo jino langu ndilo linalolipa mkopo.

DAKTARI WA MENO: Kama ada za wanafunzi zilivyolipa walimu. Wewe hukuwafelisha watoto ili warudie darasa.

MGONJWA: Mimi sikufanya. Lakini niliwajua walimu waliokuwa wakibakiza nusu ya mada darasani ili wakaimalizie kwenye tuisheni ya kulipia jioni. Hawakujiona wezi. Walisema mshahara hautoshi, na ni kweli haukutosha. Mtoto wa maskini ndiye aliyebaki na nusu ya mada. Kwa hiyo usinipe mfano wa ualimu ukidhani utanifunga mdomo. Nimeuona ugonjwa huo kwa karibu, na dalili yake ya kwanza ni mtu mwema anayeanza kueleza gharama zake.

DAKTARI WA MENO: Umenipata. Lakini hata wewe umesema mshahara haukutosha. Ukiondoa mwizi na ukaacha hesabu ileile, atakuja mwingine kukaa kwenye kiti kilekile.

MKAGUZI WA BIMA: Na akija mwenye moyo mgumu kuliko wa kwanza, hesabu hiyo inampa nafasi. Jimboni Wisconsin, Marekani, daktari mmoja wa meno aliweka kofia 434 mwaka 2014. Mwaka uliofuata aliweka zaidi ya 1,000. Mahakamani ilithibitika kwamba alikuwa akilivunja jino la mgonjwa kwa mashine yake mwenyewe, kisha anapiga picha ya jino lililovunjika na kuituma kwa kampuni ya bima kama ushahidi kwamba kofia inahitajika. Mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha miezi 54. Mwaka huohuo, Marseille nchini Ufaransa, daktari mwingine alihukumiwa miaka 8, na baba yake aliyefanya naye kazi miaka 5. Walikuwa wakiua mishipa ya meno mazima ili wapate kuyavika kofia na madaraja. Wagonjwa waliolalamika walizidi 300, wengi kutoka mitaa ya kaskazini ya jiji, mitaa ya watu wa kipato cha chini ambao matibabu yao yalilipiwa na bima ya serikali.

DAKTARI WA MENO: Hao ni wahalifu. Wamefungwa. Usinipime kwa kipimo cha mtu aliyevunja meno ya watu kwa makusudi.

MKAGUZI WA BIMA: Sikupimi. Nataka uone jinsi yule wa Wisconsin alivyogunduliwa. Si mgonjwa aliyemgundua. Wagonjwa walilipa, wakashukuru, wakarudi. Bima nayo ilipokea picha, ikalipa. Aliiuza kliniki yake mwaka 2019, na walioinunua walipofungua mafaili wakaona idadi ya kofia haiendani na kinywa cha binadamu wa kawaida. Yaani mtu wa kwanza kuona alikuwa daktari mwenzake mwenye karatasi zote mkononi. Mimi nikiwa na fomu moja ya mgonjwa mmoja, siwezi kuona chochote. Nikiwa na fomu za daktari mmoja za miaka mitano, nikazilinganisha na za wenzake kumi wa mji huohuo, naona.

MGONJWA: Na hizo za miaka mitano si mnazo?

MKAGUZI WA BIMA: Tunazo. Tunachokagua mara nyingi ni kama sahihi ipo, kama mgonjwa ndiye mwenye kadi, kama bei haizidi ile iliyopangwa. Kwamba jino lilihitaji kutibiwa, hilo tunamwachia aliyelitibu.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Nimewasikiliza kwa heshima, wakubwa zangu, lakini mjadala wote huu ni wa watu wenye kadi ya bima na kliniki mbili za kuchagua. Kwangu, hospitali ya wilaya, tiba isiyohitajika ni moja na ni kongwe: kung'oa. Anakuja kijana wa miaka 19, gego lina tundu ambalo lingezibika nusu saa. Saruji ya kuzibia imekwisha tangu robo iliyopita. Ganzi ipo, koleo lipo. Nang'oa. Naandika kwenye daftari "jino limeng'olewa", na kila mtu anaridhika: mgonjwa kaondoka bila maumivu, mganga mkuu kapata takwimu, mimi sijala rushwa ya mtu. Lakini lile jino lilikuwa linaokoleka. Nani atalihesabu? Kule Ufaransa wamefungwa kwa kuua mishipa ya meno mazima. Huku kwetu meno yanayoweza kupona yanaingia kwenye ndoo kila siku ya kliniki, na hakuna anayetumia neno udanganyifu.

DAKTARI WA MENO: Kwa sababu si udanganyifu, mdogo wangu. Ni umaskini wa vifaa.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Nusu yake ni umaskini. Nusu nyingine ni kwamba simwambii. Nikimwambia "jino hili linazibika, nenda hospitali ya mkoa," atauliza nauli, atauliza atalala wapi, atasema "ng'oa tu, tabibu." Basi namrahisishia, nasema "limeoza, litoke." Nimeamua kwa niaba yake. Daktari wa mjini anaamua kwa niaba ya mgonjwa kwenda juu, mimi naamua kwenda chini. Nieleze tofauti.

DAKTARI WA MENO: Tofauti ni kwamba wewe hupati chochote.

MGONJWA: Yeye hapati, lakini kijana wa miaka 19 amepoteza gego la maisha. Sitaki kujua tu nani alinufaika. Nataka kujua kwa nini hakuambiwa.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Asante, mama. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya jambo hili ilizaliwa hapahapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, ndipo ilipoanza ile njia ya kuziba bila umeme wala mashine ya kuchimba: unakwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono, unaacha sehemu ngumu, unajaza saruji inayotoa floridi. Leo inafundishwa nchi nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji ya aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile ya fedha na floridi inayopakwa kusimamisha uozo. Vitu vinavyokaa kwenye begi la mgongoni. Wilayani kwangu nimeviona kwenye semina kuliko nilivyoviona kabatini.

DAKTARI WA MENO: Usiwauzie watu njia hiyo kama muujiza. Tundu la upande mmoja hukaa vizuri kwa miaka. Tundu linaloshika pande mbili au tatu za jino, ziba hiyo huvunjika mapema zaidi, na mgonjwa anarudi.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Na arudi. Aliyeng'olewa hana cha kurudia. Na kuna jingine, mkubwa. Kabla mtoto hajanifikia mimi, wengi wamepita kwa mtu wa meno ya plastiki. Mnajua habari hiyo?

MGONJWA: Naijua vizuri. Dada yangu alitaka kumpeleka mjukuu. Mtoto anaharisha, ana homa, anatapika, jirani anasema ni meno ya nailoni, yachimbwe haraka kabla hajafa.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Vinavyochimbwa ni vichipukizi vya machonge ambavyo bado viko chini ya ufizi. Wanatumia kisu, msumari, hata spoki ya baiskeli. Uganda wanaita ebinyo. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, wengine pepopunda, na chonge la ukubwani linaota limepinda au halioti kabisa. Kuhara kunaendelea, kwa sababu kulitokana na maji machafu. Sasa nauliza wenye kliniki: yule mzee anayechimba ni mwongo? Wengi wao wanaamini kwa moyo wote. Mzazi anaamini. Pesa inalipwa kwa imani. Na mtoto ameumia vilevile.

MKAGUZI WA BIMA: Kwa hiyo nia isiwe na uzito?

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Iwe na uzito mahakamani. Kwenye ufizi haina.

DAKTARI WA MENO: Hapo sikubali hata kidogo. Ukifuta nia, umefuta tofauti ya kosa na jinai, na hakuna daktari atakayethubutu kugusa jino gumu. Atampa kila mgonjwa rufaa. Nitakupa mfano wangu. Wanakuja watu waliokulia Arusha na Meru, meno yana rangi ya kahawia kwa sababu maji ya kule yana floridi nyingi. Wengine meno yale ni imara kabisa. Daktari mgeni, hajawahi kuona hali hiyo, anaweza kuyaona madoa akadhani ni uozo na akachimba. Amekosea. Mwingine anajua fika kwamba si uozo, anasema "yameoza, tuyavike yote." Wote wamechimba jino zima. Wewe unataka niwaweke kundi moja?

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Nataka wote wawili wazuiwe kabla hawajachimba. Ukishachimba, ubishi wa nia ni wa kwenu wasomi.

MKAGUZI WA BIMA: Basi turudi kwenye kuzuia, na tuguse malipo. Tukiacha kulipa kwa kila jino, tukalipa daktari kiasi maalumu kwa mgonjwa, sababu ya kuzidisha imeondoka.

DAKTARI WA MENO: Na umeleta sababu ya kupunguza. Waingereza wameijaribu. Madaktari wao wa huduma ya taifa walikuwa wakilipwa kwa kila tiba, na mwaka 1986 kamati iliyoundwa na serikali iliripoti kwamba tiba zisizohitajika za makusudi zipo, si kwa wengi, ila kwa kiwango kisichovumilika. Mwaka 2006 wakabadilisha mkataba. Kwa miaka mingi baada ya hapo, daktari alipata malipo yaleyale akiziba jino moja au matano ya mgonjwa huyohuyo. Nadhani Mwalimu anaweza kukokotoa kilichofuata.

MGONJWA: Mwenye meno matano mabovu hana anayemtaka.

DAKTARI WA MENO: Hasa hasa. Kwa hiyo Mkaguzi asinieleze kuna namna safi ya kulipa. Kila namna ina jino inalolionea.

MKAGUZI WA BIMA: Sisemi ni safi. Nasema Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na watu wengi ambao leo wanang'olewa kwa tabibu kesho watakuwa na kadi mkononi. Tukiwapeleka na orodha ya bei inayolipa kuchimba na hailipi kutazama, tutakuwa tumeihamishia Zurich wilayani. Mimi ningelipa kutazama. Daktari akiandika "doa hili halijavuka, nimempaka floridi, arudi baada ya miezi sita nilipime tena," apate malipo ya maana. Kusubiri kuwe ni tiba yenye bei.

MGONJWA: Hapo umenitisha upande wa pili. Ukimlipa daktari kwa kusubiri, nitasubirishwa hadi jino liishe. Na hiyo miezi sita imetoka wapi? Kila kliniki ina bango: njoo kila baada ya miezi sita, usafishwe.

DAKTARI WA MENO: Miezi sita ni desturi zaidi kuliko sayansi, nasema hivyo nikijua nami nina bango. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2020 hayakuona tofauti kubwa kati ya watu wazima wanaokwenda kila miezi sita na wale wanaopangiwa muda kulingana na hatari yao. Uingereza mwongozo unaruhusu mtu mzima mwenye kinywa kizuri akae hadi miezi 24. Hata kusafisha ugaga kwa ratiba, kwa mtu asiye na ugonjwa wa fizi, mapitio ya mwaka 2018 hayakuona faida ya maana. Lakini mvuta sigara, mtumia ugoro, mgonjwa wa kisukari, huyo nataka nimwone mara nyingi, na si kwa ajili ya pesa. Saratani ya kinywa ikionekana mapema ni habari tofauti kabisa. Na watu wetu wengi hawaji kila miezi sita wala kila miaka sita. Wanakuja usiku mmoja maumivu yakiwashinda.

MGONJWA: Daktari, umezungumza kwa haki kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo nitakuuliza swali gumu. Wagonjwa wa wenzako wanapita kwako. Lazima umekutana na kofia iliyowekwa juu ya jino ambalo halikuwa na tatizo. Umewahi kumpeleka mwenzako kwenye Baraza la Madaktari?

DAKTARI WA MENO: Nimekutana nazo. Sijampeleka mtu.

MGONJWA: Kwa nini?

DAKTARI WA MENO: Kwa sababu jino likifika kwangu limeshachongwa. Ili uvike kofia lazima uchonge tabaka la nje, kuzunguka jino zima. Ile sehemu ambayo ingeonyesha kama palikuwa na uozo au hapakuwa imekuwa unga, imekwenda na maji kwenye mrija wa kunyonya mate. Ninachoshuku siwezi kukithibitisha. Nikisimama mbele ya Baraza nitaulizwa: ulikuwepo? Uliliona kabla? Na mwenzangu atasema lilikuwa bovu, na hakuna mtu duniani atakayeweza kumpinga. Sheria inatupa nafasi ya kulalamika. Tiba yenyewe inakula ushahidi.

MKAGUZI WA BIMA: Hiyo ndiyo nafuu yao.

MGONJWA: Sivyo. Ushahidi ulikuwepo kabla ya kuchonga. Nilipigwa picha kliniki ile ya kwanza. Nilipoomba niondoke nayo niliambiwa ni mali ya kliniki. Ningeipata, ningekuwa na kitu cha kumwonyesha wa pili, na wa tatu, na wewe. Nataka iwe kanuni: hakuna kuchimba jino lisilouma kabla mgonjwa hajakabidhiwa picha yake mkononi, na maneno yaliyoandikwa: jino lipi, nini kimeonekana, na nini kitatokea tukisubiri.

DAKTARI WA MENO: Na yule wa Wisconsin alikuwa na picha, Mwalimu. Picha nzuri, zenye tarehe.

MGONJWA: Alipiga baada ya kulivunja. Mimi naitaka kabla.

DAKTARI WA MENO: Itaongeza gharama. Itaongeza muda. Na wagonjwa wengi watazunguka na picha hizo kliniki tatu wakati uozo unaendelea.

MGONJWA: Wachache watazunguka. Lakini anayeandika atajua kwamba karatasi inaweza kusomwa na mwenzake.

MKAGUZI WA BIMA: Kwa upande wa bima naweza kuipendekeza kesho. Hakuna malipo ya kofia wala ya mshipa bila nakala ya picha ya kabla iliyosainiwa na mgonjwa kwamba ameipokea.

TABIBU WA MENO WA WILAYA: Hospitali yangu haina mashine ya picha. Mkiandika kanuni hiyo, andikeni na mstari unaosema mimi nimkabidhi nini yule kijana kabla sijashika koleo.